Kazi Iuzwe na Mkono Ulioifanya: Ilani ya Mafundi wa Mapambo

Sisi tunaoitoa ilani hii ni watunga shanga wa Kajiado na Narok, wasubu shaba na wachonga mifupa wa Kibera, washona ngozi wa Kariokor, wafua fedha wa Lamu, na vijana waliogeuza vyumba vya kupanga vya Nairobi kuwa karakana. Wako miongoni mwetu waliofundishwa na nyanya zao kabla ya kujua kusoma, na wako waliohitimu vyuo vya sanaa. Sote tunatengeneza vitu vinavyovaliwa mwilini, na sote tumechoka kuviona vikiuzwa na watu wasiojua vilivyotengenezwa.

Tunalolidai ni moja: pambo liuzwe na aliyelitengeneza, kwa jina lake, uso kwa uso na atakayelivaa.

Ifuate bangili moja ya shanga itokapo nyumbani. Mama ameitunga jioni, baada ya kukama na kuwalaza watoto, kwa mwanga wa taa ya sola. Mnunuzi wa jumla anapita na pikipiki, anazihesabu bangili kwa dazeni na kulipa bei aliyokuja nayo kichwani. Mjini bangili inaingia gunia moja na bangili za mama wengine. Mwenye kibanda anainunua. Dalali anasimama nje ya kibanda, anamwita mgeni, anapandisha bei na kuteremsha mpaka wakubaliane. Pengine haiishii hapo, inavuka bahari katika sanduku la mwenye duka wa Ulaya. Kila mkono ulioipitisha umeongeza bei, na umeongeza hadithi: hii huvaliwa na morani, hii ni ya baraka, hii ni ya mke wa chifu. Jina la mama yule halikuongezwa na yeyote. Huenda si Mmaasai hata kidogo, huenda ni Mkamba wa Machakos aliyebuni mpangilio ule wa rangi mwenyewe, lakini kadi inayoning'inia kwenye uzi inasema neno moja tu, na neno lenyewe ni kabila au bara zima.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la mapambo tumeona jambo jingine kwa miaka mingi: chema kinauzwa na mwingine, na aliyekifanya anabaki nyumbani akingoja pikipiki irudi.

Hatuwalaani wachuuzi. Mwenye kibanda hulipa kodi, huamka alfajiri, hunyeshewa na mvua, na akinunua mali isiyotoka hasara ni yake. Ana haki ya sehemu yake. Tunachomtaka afanye ni kusema kazi ni ya nani, na kumwambia fundi iliuzwa bei gani. Akikubali hayo mawili, ni mwenzetu.

Tunapoambiwa kwamba tunachofanya ni kazi ya mkono tu, kitu cha kupitisha muda mtu anapokosa ajira, tunaelekeza macho Kilifi. Katika pango la Panga ya Saidi wataalamu wa mambo ya kale walifukua ushanga wa kombe la baharini wenye umri wa zaidi ya miaka 60,000. Mtu aliliokota kombe lile ufukweni, akapanda nalo vilimani, akalivaa, katika zama ambazo hapakuwa na jembe wala chungu katika nchi hii. Alikuwa na njaa kama sisi na hofu kubwa ya wanyama kuliko sisi, na bado alitaka kupendeza.

Tunaelekeza macho pia Lothagam, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita wafugaji wa huko waliwazika wafu wao mahali pamoja, chini ya jukwaa la mawe, na hesabu ya wataalamu inafikia watu 580 au zaidi. Karibu kila mmoja alilazwa na mapambo yake. Watoto walikuwa nayo, wazee walikuwa nayo, wanawake na wanaume vilevile. Kulikuwa na shanga za mawe ya rangi, shanga za maganda ya mayai ya mbuni, na pambo la kichwa lililopangwa kwa mamia ya meno ya panya wadogo wa nyika. Waliochimba hawakuona kaburi la tajiri likijitenga na makaburi ya maskini. Ndiyo maana hatukubali kuambiwa kwamba pambo ni anasa ya wenye nacho. Katika ardhi hii pambo lilikuwa haki ya kila aliyezaliwa.

Na kazi haikukatika. Huko Tumbe, kisiwani Pemba, vigae vyenye mifereji vimefukuliwa kwa wingi. Ndivyo vilivyokuwa vinoo vya kusugulia shanga za makombe, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Wakamba walisifika kwa mikufu ya waya wa chuma na shaba, pete ndogo ndani ya pete ndogo, myembamba kiasi cha kudhani imefumwa. Lamu ilitoa siwa, baragumu la shaba, na mafundi wa fedha wa mji huo hadi leo huchukua vipande vya sahani za kale za kaure ya Kichina vinavyookotwa ufukweni, wakavisugua kingo na kuvizungushia fedha vikawa pete. Sahani ilikuja na jahazi, ikavunjika, ikatupwa, na fundi akaona kito pale ambapo wengine waliona taka. Huo ndio ukoo wetu, na tunautaja bila haya.

Lipo somo jingine la historia ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Zanzibar na Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba shanga za kioo kwa mizigo mizito, nyingi zikiwa zimetengenezwa Venice. Zilikuwa na majina, na majina hayo yaliandikwa na wasafiri wa wakati huo, Burton na Stanley miongoni mwao: samesame nyekundu iliyopendwa, bubu nyeusi, merikani nyeupe. Msafiri aliyekosea rangi alikuwa taabani. Nchi moja ilitaka nyekundu na kuikataa nyeusi, nchi ya pili ikataka nyeupe, na rangi iliyopendwa mwaka huu ingeweza kudharauliwa mwaka ujao. Mwenye mizigo ya shanga zisizotakiwa hakuuziwa hata mtama. Basi maagizo yakarudi pwani, kutoka pwani yakavuka bahari, na watengeneza shanga wa Ulaya wakalazimika kufuata macho ya mwanamke wa bara aliyesimama sokoni, akashika kamba ya shanga, akaitazama juani na kusema hapana.

Mwanamke yule alikuwa mnunuzi, na alikuwa hakimu. Hakununua kwa huruma wala kwa kusaidia jamii. Alinunua kwa sababu alijua anachokitaka.

Vuguvugu letu linamtafuta mtu huyo. Bado yupo. Yupo Nyamira, yupo Kisauni, yupo Umoja na Ruiru, anajipamba kwa ajili ya kazi na harusi na ibada kila wiki. Ni sisi mafundi tuliompa kisogo. Kwa miongo mingi biashara ya mapambo ya mkono nchini imepangwa kwa ajili ya mgeni: ukubwa wa kuingia kwenye sanduku, rangi za kupiga picha, twiga na simba, maneno mawili matatu ya Kiswahili yanayochekesha uwanja wa ndege. Mtu wa hapa akipita anajua moja kwa moja kwamba vitu hivi havikutengenezwa kwa ajili yake, na bei akiiuliza ni ile ya mgeni. Anaenda zake katikati ya jiji kununua hereni za kuja kwa meli, zinazobadilika rangi kabla ya mwezi kuisha na kumwacha na ndewe zilizovimba kwa sababu ya nikeli iliyomo ndani yake.

Na mgeni naye ana majira yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi ilipoingia damu, wageni hawakuja. Machi 2020, ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa kwa sababu ya korona, hawakuja tena, na safari hiyo kwa muda mrefu. Vibanda vilifungwa, shanga zikabaki kwenye mikebe. Kazi ambayo uhai wake umefungwa kwenye ratiba ya ndege haiwezi kumsomesha mtoto.

Kwa hiyo tunasema: jirani kwanza. Mgeni anakaribishwa sana na atapata heshima zote, lakini atakuja kununua tunachokivaa wenyewe. Tutatengeneza kipini cha pua ambacho binti wa Mombasa atakichagua badala ya kile cha sonara kwa sababu ni kizuri zaidi. Tutatengeneza hereni nyepesi ambazo mwalimu anaweza kuzivaa kutwa nzima darasani bila kuumwa na masikio, na mkufu wa mwanamume anayevaa suti. Tutatengeneza seti ya bibi harusi ambayo itarithiwa. Tutakaa na wazee wa pwani watuonyeshe mapambo ya kale ya kekee, mitali na majasi yalivyokuwa yakifanywa, tusiyaige kwa kuyakariri, tuyajue kwanza ndipo tuthubutu kuyabadilisha. Bei ya mwenyeji na ya mgeni itakuwa moja, imeandikwa, inasomeka.

Kuhusu bei tunataka kusema kwa kirefu, maana hapo ndipo mafundi wengi huumia kimyakimya.

Bangili ya shaba ya Kibera huanza kama kufuli lililovunjika, bomba la maji lililotupwa, kitasa cha mlango. Fundi hununua vyuma chakavu kwa kilo, huvichagua kimoja kimoja, huondoa chuma kisichotakiwa, kisha huyeyusha kwenye tanuri dogo la mkaa linalopulizwa kwa feni. Humimina kwenye kalibu ya mchanga. Kinachotoka ni kipande kizito chenye makovu. Hapo ndipo kazi inaanza hasa: kupasha moto, kufua juu ya fuawe, kupasha tena kwa sababu shaba hukakamaa ikifuliwa, kukunja, kupiga tupa, kusugua kwa msasa mkali kisha laini kisha laini zaidi, na kung'arisha mpaka uso uonekane ndani yake. Mifupa ya ng'ombe nayo huchukuliwa machinjioni, huchemshwa kuondoa mafuta, husafishwa na kufanywa myeupe kwa dawa, hukatwa, hutobolewa, hupakwa nta kwa nakshi na kutiwa rangi, nta ikiondolewa nakshi inabaki nyeupe. Mtu anayeuona ushanga mmoja wa mfupa hajui kwamba ameshika siku kadhaa za mikono kadhaa.

Tuchukue mfano. Bangili imetajwa kwa shilingi 1,500. Mnunuzi anasema ni ghali, kitu cha kufuli. Fundi hana jibu, kwa sababu hajawahi kuandika popote mkaa ulikuwa kiasi gani, msasa kiasi gani, nauli, kodi ya karakana, na hasa saa zake. Saa ndizo husahaulika. Anateremsha hadi 600 kwa kuwa ni saa kumi jioni na hajauza kitu, anarudi nyumbani akidhani amepata, kumbe ameuza vifaa na kutoa kazi bure. Kila atakayejiunga nasi ataweka daftari. Ataandika alichonunua, muda aliotumia, na bei aliyouza. Tutasaidiana kulisoma daftari hilo, wanaojua hesabu wakiwafundisha wasiojua, mpaka kila fundi awe na bei ambayo chini yake hashuki, na awe na maneno ya kuieleza bila kuomba radhi. Bei zetu hazitakuwa za anasa, ila hatutamdhulumu mwenzetu kwa kushindana kuuza chini ya gharama.

Malipo yatamfikia fundi mwenyewe. Nchi iliyoanza kutuma pesa kwa simu tangu 2007 haina sababu ya kumweka mama wa Kajiado akingoja fedha mikononi mwa watu wanne. Kama hawezi kufika sokoni, mwenzake ataisimamia meza yake kwa malipo wanayopatana mbele ya wenzao, lakini mauzo yataingia kwenye simu ya mwenye kazi palepale, naye ataona kiasi.

Kila kazi itaandamana na kadi ndogo. Itasema nani aliitengeneza, wapi, kwa kitu gani, na itunzwe vipi. Neno lililo gumu hapo ni "kwa kitu gani", na hapo tunataka ukweli mtupu. Shanga za kioo tunazotungia, hata zile za mapambo ya Kimaasai ambayo dunia nzima huyatambua, sehemu kubwa hutoka Jamhuri ya Cheki, na nyingine China. Hakuna aibu katika hilo. Ushanga wa kioo umekuwa wetu kwa karne nyingi kwa sababu tulijua la kuufanyia, na sanaa iko katika mpangilio, katika mkono, katika macho. Aibu ni kuficha. Kadi itasema ushanga umetoka Cheki na umetungwa Bisil, Kajiado, na mtu fulani, na mnunuzi atapenda zaidi.

Tunatamani hata hivyo siku ambayo sehemu kubwa ya mali ghafi itatoka kwetu, na mifano ipo. Kiwanda cha Kazuri kule Karen kimekuwa kikifinyanga shanga za udongo tangu 1975, kikaanza na wanawake wawili na kufikia mamia. Kitengela kuna watu wanaoyeyusha vioo vya madirisha na chupa vilivyotupwa na kuvifanya shanga na vyombo. Taita ina tsavoraiti, na ng'ambo ya mpaka, Mirerani, ndipo mahali pekee duniani panapochimbwa tanzanaiti, ambayo kwa miaka mingi ilisafirishwa ghafi kukatwa Jaipur, India. Kijana wa Voi anayezaliwa juu ya vito anapaswa kujua kukata jiwe kabla ya kujua kuliuza.

Tunaposema kwa mkono, tunaelewa kwamba watu watatuuliza maana yake, na jibu letu ni hili. Mashine ya kutobolea inakubalika. Feni ya tanuri inakubalika, kalibu inakubalika, ndoano ya hereni iliyonunuliwa dukani inakubalika ikitajwa. Kisichokubalika ni kununua mkufu uliokwisha tengenezwa kiwandani, kuukata, kuutunga upya kwa uzi mwingine na kuuita kazi ya mkono wako. Atakayefanya hivyo ataonywa, na akirudia ataondolewa mezani. Hili tutakuwa wakali kwalo kwa sababu mmoja akidanganya, mnunuzi hatamwamini hata yule aliyekesha.

Yako mambo ambayo hatutayafanya hata yakiwa na soko. Hatutatumia pembe za ndovu, magamba ya ng'amba, nywele za mkia wa tembo wala matumbawe. Tunajua kwamba baadhi ya babu zetu wa kazi waliishi kwa vitu hivyo. Lakini Julai 1989 serikali ilichoma tani 12 za pembe katika Hifadhi ya Nairobi, na Aprili 2016 ikachoma tani 105, na aliyeona moshi ule anajua kwamba mlango huo umefungwa. Pembe ya ng'ombe ina rangi za maziwa, kahawa na moshi ndani ya kipande kimoja, na haijamgharimu mnyama wa mwituni uhai wake.

Hatutauza mapambo ya watu wengine kana kwamba hayana wenyewe. Mporo wa mwanamke wa Kisamburu au Kirendile hueleza kwamba ameolewa. Yako mapambo ya Kimaasai yanayoonyesha umri, ndoa, au kwamba mtoto wa kiume ametahiriwa. Wanaoyavaa ndio wenye kusema yapi yanaweza kuuzwa na yapi hayawezi. Fundi wa jamii nyingine anayetaka kuazima mtindo aende kwa wenyewe, aulize, alipe kinachotakiwa, na awataje. Tunawadai wakubwa jambo lilelile. Katika mkusanyo wake wa mwaka 2012 nyumba moja maarufu ya mitindo ya Paris ilipitisha jukwaani mavazi yenye michoro ya shuka zetu. Kampuni moja ya Uingereza ilijaribu kusajili jina la kikoi kuwa alama yake ya biashara, na Wakenya wakalazimika kupinga mpaka ombi likaanguka mwaka 2008. Tangu 2016 tunayo sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, inayotaka kaunti ziweke rejista ya mali hiyo. Tutazisaidia jamii zetu kuandikisha, mtindo kwa mtindo, na tutaziuliza kaunti kila mwaka rejista imefika wapi.

Afya ya fundi ni sehemu ya bei. Shaba ya kufuli ina zinki, na inapoyeyuka zinki hupanda kuwa moshi mweupe. Anayeuvuta hushikwa na homa na kutetemeka usiku huohuo. Vumbi la mfupa huingia mapafuni na kukaa. Karakana yoyote itakayotaka kuuza nasi iwe na upepo unaopita, barakoa ya vumbi ya kweli, na miwani kwa anayekata. Tutachanga kuwanunulia wasio nazo. Mwanagenzi asiyelipwa hata nauli si mwanagenzi, na mtoto wa shule hatawekwa kwenye tanuri.

Tunataka pia kuonyesha, mbali na kuuza. Katika majumba ya sanaa mchoro huwekwa ukutani, una jina na mwaka, na mkufu huwekwa dukani karibu na mlango wa kutokea. Katika makabati ya makumbusho mengi duniani pambo la Kiafrika lina kabila na eneo lakini halina mtu. Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966, aliliona hili mapema. Alikusanya mapambo na nguo kwa heshima ileile aliyokusanyia vitabu na stempu, na mwaka 1973 yeye na Alan Donovan wakafungua African Heritage Nairobi, mahali ambapo kidani kilitazamwa kuwa sanaa. Baadaye kazi za Ami Doshi Shah wa Nairobi, za shaba na chumvi, ziliwekwa kwenye maonyesho ya Africa Fashion katika makumbusho ya Victoria and Albert, London, mwaka 2022, kwa jina lake. Tunaomba makumbusho na majumba ya sanaa ya nchini yatupatie kabati moja, kwa kuanzia, litakalobadilishwa kila baada ya miezi kadhaa, na ndani yake kila kitu kiwe na jina la fundi. Pale jina la zamani halipatikani, kiandikwe jina la kijiji na liulizwe kwa wazee kabla wazee hawajaondoka.

Kwa kaunti ombi letu ni jepesi: uwanja wenye kivuli, choo na maji, siku inayojulikana, ada inayolipwa mara moja na stakabadhi yake.

Kwa wewe utakayevaa, tunaomba uulize. Uliza nani alilitengeneza pambo, na ukijibiwa kabila, uliza tena. Usinunue kwa kutuonea huruma. Likatae pambo lisilokupendeza, tuambie linakuwasha, linakatika, ni zito, rangi hiyo hatuvai huku kwetu. Rudi nalo likiharibika, tutalitengeneza. Mwanamke aliyeikataa kamba ya shanga sokoni Ujiji aliwafundisha kazi watu ambao hakuwaona. Sisi utatuona.

Soko letu litakuwa la wazi, mara moja kwa mwezi, Nairobi kwanza na baadaye Mombasa na Kisumu. Hakuna kiingilio kwa mnunuzi. Kila fundi atapata meza moja ya ukubwa uleule, awe na jina kubwa au ameanza juzi, na nafasi za meza zitapigiwa kura asubuhi ili asiwepo mwenye kona ya kudumu. Meza itakuwa na nafasi ya kufanyia kazi: mtunga shanga atunge, mfua fedha afue, mchonga mfupa achonge, watu waone. Anayekuja kwa mara ya kwanza hatalipa ada mpaka auze. Kutakuwa na meza moja ya wanagenzi, inayosimamiwa na wao wenyewe, na meza moja ya matengenezo, ambapo pambo lolote la zamani litapokelewa, hata lile la nyanya yako lililokatika na kukaa kabatini.

Anayetaka kujiunga aje na vitu vitatu alivyovitengeneza mwenyewe na kimoja ambacho hajakimaliza, akimalizie mbele yetu. Asiyejua kuandika ataandikiwa daftari lake na mwenzake wa meza ya pili mpaka ajue. Mtunga shanga anayeishi mbali ataanza kwa kutuma jina lake, jina la kijiji chake, na kazi yake ya kwanza. Nauli ya kumleta sokoni safari yake ya kwanza itatoka kwenye mfuko wa pamoja.

Mafundi wa mapambo
Nairobi, Kajiado, Narok na Lamu